Mkalimani Asiyetafsiri Ahadi

Mgonjwa akisema, "Tumbo linaniuma tangu juzi," yeye alimgeukia daktari mgeni na kumwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya unyonge, "Tumbo linaniuma tangu juzi." Hakusema "anasema tumbo linamuuma." Alisema "mimi." Wanawake wa wodi ya wazazi walimcheka sana kwa hilo. Alikuwa mzee mrefu, mwenye mvi na koti la kijivu asilolivua hata jua likiwaka juu ya ziwa, na siku moja alisimama katikati ya wodi akatamka bila kutabasamu kwamba ana mimba ya miezi saba na mtoto hachezi vizuri. Mama mmoja wa kitanda cha pembeni, ambaye Kiingereza cha shule kilikuwa bado hakijamtoka, aliangua kicheko mpaka tukahofia mshono wake.

"Babu, hongera!"

"Ahsante," akajibu. "Niombeeni."

Hapa Liuli watu walimwita Mkalimani, tangu sisi wa hospitali mpaka wanawake wanaoanika dagaa ufukweni. Mimi ni muuguzi. Kwetu ni milimani, upande wa Mbinga, na lugha niliyokua nayo ni Kimatengo. Nilipopangiwa kazi huku ziwani, Kinyasa cha watu wa huku kilinipiga chenga kwa muda mrefu, na ni mzee huyu aliyenitoa aibu miaka ile ya mwanzo. Kinyasa alikijua, na Kimpoto, na Kimatengo cha kumtosha kutania, ukiacha Kiingereza na Kifaransa alivyovitumia ugenini. Madaktari wa kujitolea walipokuja kutoka ng'ambo, alipanda kilima asubuhi bila kuitwa, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, na tukampa chai ya rangi kwenye kikombe chake cha bati. Hakutaka zaidi ya hapo.

Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa ametumia sehemu kubwa ya utu uzima wake kama mkalimani wa wachunguzi wa silaha. Kazi ya watu hao alinieleza hivi: nchi fulani imepigwa marufuku kuuziwa silaha kwa sababu ya vita, lakini silaha zinaendelea kuingia, basi wao hutumwa kwenda kuona zinapitia wapi. Huokota maganda ya risasi. Husoma alama zilizochongwa kwenye bunduki. Huwauliza madereva, wachukuzi, walinzi wa viwanja vidogo vya ndege, askari waliotoroka. Kisha huandika ripoti, na ripoti husomwa mbele ya mabalozi. Alikaa zaidi Kongo ya mashariki, kwa kuwa kule watu huongea Kiswahili na wachunguzi hawakijui.

"Kila walichokijua," aliniambia, "kilipitia kinywani mwangu."

Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa alionao.

Kazi ile ilimwachia mazoea. Hakuweza kushika kitu bila kukigeuza aone kilitengenezwa wapi. Kwenye duka la Alhaji, karibu na gati, aligeuza sahani, tochi, ndoana, mpaka pakiti za sindano.

"Mzee, unanunua au unakagua?" Alhaji alimuuliza siku moja nikiwepo.

"Nasoma tu. Sahani hii imetoka mbali kweli."

"Na imefika bila ufa," Alhaji akasema kwa fahari.

"Ndiyo. Na bunduki hufika hivyohivyo, zimefungwa vizuri kuliko sahani zako."

Alhaji akampimia sukari. Njiani Mkalimani akanieleza kwamba wakati mwingine walikuta bunduki ambayo namba yake imesuguliwa kwa tupa, na wachunguzi vijana walikata tamaa wakiona hivyo. Yeye aliwaambia wasikate tamaa. Namba iliyosuguliwa inakueleza kwamba kuna mtu alijua anachofanya. Nikamuuliza kama mtu huyo aliwahi kupatikana. Akacheka kidogo, akaniuliza bei ya mafuta ya taa.

Redio aliisikiliza kwa namna yake. Taarifa ya habari ikifika kwenye mambo ya vita, alimtangulia mtangazaji. "Wameeleza wasiwasi wao mkubwa," alisema, na sekunde chache baadaye mtangazaji akasema hivyohivyo. "Wametoa wito kwa pande zote." Mtangazaji akatoa wito kwa pande zote. Majirani waliona ni mchezo, wakapenda kuja kumsikiliza. Kumbe maneno yale aliyajua kwa kuyatamka mwenyewe, katika mikutano ya kanda alikoajiriwa kutafsiri wajumbe.

"Mimi nimesikitika kwa niaba ya nchi nyingi," aliniambia. "Kuna mjumbe mmoja alisimama kueleza masikitiko ya serikali yake juu ya vifo vya raia. Nilikuwa nimetoka porini wiki ileile. Nilikuwa nimeona maganda ya risasi yenye alama ya kiwanda cha nchi yake, yametapakaa kama maganda ya karanga mnadani. Nikasogeza kipaza sauti nikasema, 'Ninasikitika.' Na nilisema vizuri, Sista. Aliyenisikia angedhani nitalia."

Aliniita Sista kama watu wote wanavyowaita wauguzi. Mimi nilimwita Mzee.

Mwalimu wa uraia wa sekondari alimwalika azungumze na wanafunzi kuhusu amani ya dunia. Nilikwenda kumsindikiza kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua. Hakuzungumzia amani. Aliwaeleza safari ya bunduki moja: inatoka kiwandani ikiwa na kibali halali, kuna hati inayoonyesha mnunuzi wa mwisho, na hati hiyo imesainiwa na ofisa ambaye hajawahi kuiona bunduki yenyewe, ndege inaruka kuelekea nchi iliyoandikwa kwenye hati, kisha angani inageuza njia, inatua kwenye kiwanja cha majani, wanakijiji wanaitwa kubeba masanduku. Mkataba wa kuzuia biashara ya namna hiyo upo, akasema, na nchi nyingi zimeutia saini, na baadhi ya zilizosaini ndizo zenye viwanda. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo babu. Sasa hao wenye ndege walifungwa miaka mingapi?"

"Marahaba. Hawakufungwa."

"Na aliyesaini?"

"Alipandishwa cheo."

Mwalimu aliingilia kati haraka. "Mzee wetu, labda neno la matumaini kwa vijana, kabla ya kumaliza."

Mkalimani alisimama pale mbele ya ubao kwa muda. Nilimwona akilitafuta kweli, kama anavyotafuta neno gumu la Kimpoto. Mwishowe akasema, "Kengele imelia, wanangu. Nendeni mkale." Kengele ilikuwa haijalia. Mwalimu hakumwalika tena.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ameacha kufuatilia. Hapana. Kila alipokwenda Mbamba Bay, ambako mtandao ulishika vizuri, alipakua ripoti mpya za wachunguzi kwenye simu, akarudi kuzisoma barazani kwake huku akiguna na kutukana kwa Kifaransa. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema anaangalia kama wametafsiri vizuri. Nikamwambia hilo silo jibu. Akakubali kwamba silo.

Na kuna kisa cha gobole. Dada yake aliolewa Mkumbi, kule milimani, na shemeji yake alikuwa na gobole alilotengenezewa na mhunzi zamani, la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi. Polisi walipotangaza kwamba mwenye silaha ya kienyeji aisalimishe kwa hiari asishtakiwe, watu wengi walikaa kimya. Mkalimani alipanda gari mpaka Mkumbi kwa ajili hiyo tu.

Shemeji yake alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa bado na hasira. "Akaniambia, 'Shemeji, maisha yangu yote nimezungumzia bunduki za watu nisiowajua. Nipe hii moja.' Nikamwambia hii inaua nguruwe tu. Akasema zote huanza hivyo. Nikaona mtu mzima ametoka ziwani mpaka huku, anataka kulia kwa sababu ya kipande cha bomba. Nikampa. Tukaenda wote kituoni."

Nguruwe walikuja msimu uleule. Waliingia kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani yaliyolimwa kwa jasho, wakafukua, wakalala humo. Shemeji hakumsemesha mpaka mavuno yaliyofuata, na Mkalimani alikwenda kumsaidia kuzungushia shamba uzio wa miti mikavu, kazi iliyomtoa malengelenge mikononi.

"Ile ndiyo bunduki pekee niliyowahi kuiondoa duniani," aliniambia aliporudi. Baadaye kidogo akaongeza, "Na hata ilikuwa hailengi."

Jambo moja juu yake lilinichukua muda mrefu kulielewa. Alitafsiri kila neno lililosemwa mbele yake, hata matusi. Mgonjwa alimwita daktari mmoja mpumbavu, naye Mkalimani akamwambia daktari usoni, "Wewe mpumbavu." Lakini ahadi hakutafsiri. Daktari akisema, "Mwambie kesho maumivu yataisha," Mkalimani alinyamaza akitazama ukuta, nasi wauguzi tukamalizia.

Mwaka mmoja alikuja daktari kijana, mwanamke mwenye moyo mzuri sana, na wodini tulikuwa na mtoto wa kiume mwenye malaria iliyopanda kichwani. Mama yake alikuwa ametoka vijiji vya huko juu na alijua Kimpoto tu. Daktari alimshika yule mama bega. "Mwambie mwanawe atapona," akamwambia Mkalimani.

"Mwambie mwenyewe," Mkalimani akasema. "Nitakufundisha maneno."

Daktari alishangaa, lakini alifundishwa. Akayasema kwa Kimpoto kilichopinda vibaya, na yule mama akacheka machozi yakimtoka, akamshika mikono. Siku mbili baadaye mtoto alifariki. Kila kilichowezekana kilifanyika, nilikuwepo. Daktari alimfuata Mkalimani kwenye benchi lake, macho mekundu.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Sikujua. Ndiyo maana sikusema."

Mchana huo tulikaa wawili kwenye ngazi za nyuma zinazotazama ziwa, na nikamwambia wazi kwamba ule ulikuwa ukatili, yule daktari, binti wa watu, amebaki na maneno yale mdomoni maisha yake yote. Alikubali kwa kutikisa kichwa. Kisha akanisimulia kwa nini.

Kule Kongo walimpata mtu msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa kule hubebea mizigo. Mtu huyo na wenzake wachache walikuwa wamebeba masanduku kutoka kiwanja cha ndege cha porini mpaka kwenye ghala. Aliona ndege. Aliona herufi ubavuni mwake. Kwa wachunguzi huyo alikuwa mtu wa thamani kubwa, lakini aliogopa kusema. Mchunguzi akamwambia Mkalimani, "Mwambie jina lake halitaandikwa, hatapata madhara yoyote." Mkalimani akasema kwa Kiswahili, akimtazama machoni, "Ndugu yangu, jina lako halitaandikwa, hutapata madhara yoyote." Neno "ndugu yangu" lilikuwa lake mwenyewe, mchunguzi hakulisema.

Yule mtu alisema yote. Ripoti ilitoka. Jina halikuwamo. Ila iliandikwa kwamba habari zimethibitishwa na mchukuzi mmoja aliyekuwepo masanduku yalipoteremshwa, na waliokuwepo walijulikana. Wenye mali hawakuhitaji jina. Walimkuta barabarani na chukudu yake.

"Mjane wake alikuja ofisini kwetu," Mkalimani aliendelea. "Alitembea kutoka mbali, mtoto mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa kazini. Akasema, nami nikasema kwa Kiingereza kama kawaida yangu: 'Mume wangu aliahidiwa. Mume wangu aliambiwa hatapata madhara.' Mkuu wa jopo la wachunguzi alikuwa mgeni, hakujua habari ile. Akauliza, 'Nani aliyekuahidini?' Nikamtafsiria mama swali. Akaninyooshea kidole. 'Ni huyu.'"

Chini kwenye mchanga wanawake walikuwa wanageuza dagaa.

"Ukafanyaje, Mzee?"

"Nilikuwa kazini, Sista. Nikamwambia mkuu wa jopo, 'Ni huyu.' Akadhani sijakamilisha sentensi. Akauliza, 'Huyu nani?' Ikabidi nijinyooshee kidole mwenyewe."

Alimaliza mkataba wake pale, akarudi nyumbani. Nilimuuliza kama ile ndege ilizuiwa baada ya ripoti kutoka. Akasema kampuni ilifungwa, ikasajiliwa tena kwa jina jingine, ndege ikapakwa rangi.

Tangu siku hiyo sikumlaumu tena akinyamaza.

Sasa nifike kwenye jambo lililotokea miaka hii ya karibuni. Ndugu zake walimleta kwa boti mwanaume mmoja wa makamo kutoka upande wa Msumbiji, kiganja cha kulia kimechanwa na risasi. Alijua Kinyasa, na Kireno kidogo. Aliandikisha kwamba ni ajali ya uvuvi. Nilipokuwa namfunga bandeji, Mkalimani akiwa ameketi pembeni, alieleza ukweli kwa sauti ndogo. Ndani huko kwao, mbali na ziwa, yeye na wenzake watatu walilipwa kubeba masanduku kutoka kwenye lori mpaka porini. Sanduku moja lilianguka likapasuka, wakaona bunduki mpya, bado zimepakwa grisi. Mmoja wa wenye mzigo aliwafyatulia risasi ili wajue kwamba hawakuona kitu.

Sijui nani aliyefikisha habari, lakini hospitali haina siri. Wachunguzi wawili walifika na vibali vyao vyote kutoka wilayani: mzungu mmoja mtu mzima na dada mmoja kijana. Yule mtu mzima alipomwona Mkalimani kwenye benchi alipaza sauti kwa furaha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja Kongo. Akamkumbatia.

"Bado uko hai! Njoo, tunakuhitaji tena."

Mkalimani aliinuka, akaweka kikombe chake chini ya benchi. Mimi niliingia nao kwa kuwa mgonjwa alikuwa wangu. Wakati huo Kinyasa nilikuwa nakisikia vizuri, ingawa wageni hawakulijua hilo.

Mchunguzi aliongea kwa upole. Alisema wamesikia kuhusu masanduku, kwamba bunduki hizo zitaua watu wengi, na kwamba mgonjwa huyu peke yake anaweza kusaidia kuonyesha zinatoka wapi. Yote hayo Mkalimani aliyapeleka kwa Kinyasa, neno kwa neno. Kisha mchunguzi akasema, "Mwambie jina lake halitaandikwa popote. Yuko salama."

Nilitazama ukuta, nikijua Mkalimani naye anautazama. Lakini safari hii alimgeukia mgonjwa, akasema kwa Kinyasa:

"Anasema jina lako halitaandikwa. Ni kweli, hawataliandika. Lakini mlikuwa wanne, na waliowapa mzigo wanajua idadi yenu. Mimi niliwahi kumwambia mtu kwamba yuko salama, wakamuua. Haya ninayokuambia sasa siyo ya huyu mzungu. Ni yangu. Jibu unavyotaka."

Yule dada kijana alikuwa ametandaza picha za masanduku kitandani. Nilimwona mgonjwa akiitazama picha moja kwa muda mrefu, mpaka jasho likamtoka mdomo wa juu. Akainua macho.

"Waambie nilikuwa navua samaki."

"Nilikuwa navua samaki," Mkalimani akasema kwa Kiingereza.

Waliuliza tena kwa njia nyingine, na tena kwa njia nyingine. Alikuwa anavua samaki. Yule dada alikusanya picha zake taratibu, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa amesafiri kutoka mbali kwa ajili ya sentensi moja. Nje, karibu na gari, mzungu alimsogelea Mkalimani.

"Ulimwambia maneno mengi kuliko yangu."

"Kinyasa ni lugha ndefu."

Mzungu alimtazama machoni, akafungua mlango wa gari, akaingia. Hawakupeana mikono. Mimi niliona yote na sikumwambia mtu.

Mgonjwa alipona kiasi, akaondoka na ndugu zake, vidole vyake viwili havikunjiki. Kwa muda Mkalimani alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Aliletewa samaki mkubwa aina ya mbasa na ndugu za yule mtu, akatuita nyumbani kwake tukala, akanitania kwa Kimatengo.

Kisha, kabla masika hayajaisha, aliletwa mwanamke na binti yake mdogo, nao kutoka upande uleule, jamaa zao wakiwa hapa ufukweni. Kijiji chao kilivamiwa. Mama alikuwa na risasi pajani. Binti hakuwa na jeraha, ila alikuwa haongei. Daktari wa zamu alikuwa mgeni, na Mkalimani aliitwa.

"Walikuja asubuhi tukiwa tunatwanga," Mkalimani alisema kwa Kiingereza, mama akisema kwa Kinyasa. "Walikuwa vijana. Wengine nawajua mama zao. Mwaka jana walikuwa na mapanga. Sasa wana bunduki mpya, zinang'aa mafuta. Mume wangu alikuwa kwenye mlango."

Daktari aliuliza mambo ya daktari: maumivu, homa, kama anahisi vidole vya mguu. Mkalimani alijibu kwa kinywa cha yule mama, kwamba vidole navihisi, kwamba nina kiu. Tulipomaliza kusafisha jeraha, mama akamshika Mkalimani mkono wa koti.

"Muulize daktari wetu jambo moja. Kwetu hakuna anayejua kutengeneza hata msumari. Bunduki hizi zinatoka wapi?"

Mkalimani alimuuliza daktari. "Bunduki hizi zinatoka wapi?"

Daktari kijana alifedheheka. "Sijui," akasema. "Pole. Sijui."

Mkalimani alimgeukia mama. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nimeshika beseni, namwona usoni. Mtu aliyejua njia zote, viwanda, hati, ndege na rangi za ndege, alimtazama yule mama akasema, "Pole. Sijui."

Hakurudi hospitali tena. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama niliyasikia aliyomwambia yule mchukuzi siku ya wachunguzi. Nikasema niliyasikia. Akauliza kama nadhani wangewahi kuzizuia bunduki zile iwapo mtu yule angesema. Nikamwambia sijui. Nilitaka kumwambia hapana, wasingezuia kitu, ripoti ingesomwa na nchi zingesikitika. Hayo ndiyo aliyonifundisha mwenyewe. Lakini niliona kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, alihitaji kuamini kwamba ripoti zinafaa kitu, ingawa kufaa huko kungemhukumu yeye mwenyewe. Mara ya pili nilikuta nyumba imefungwa. Alhaji akaniambia amehamia kwa dada yake Mkumbi.

Nilikutana naye mara ya mwisho Mbinga mjini, msimu wa kahawa, nilipopanda kwetu likizo. Alikuwa amesimama nje ya ghala la chama cha ushirika katikati ya watu waliokuja kuuza, koti limemlegea mabegani. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa ya mkulima kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Sista. Ziwa halijambo?"

"Halijambo. Na wewe?"

"Nachuma kahawa ya watu." Akatabasamu. "Kahawa haihitaji mkalimani."

Tulisogea pembeni, mbali na kelele za mizani. Aliniuliza habari za yule mama. Nikamwambia alipona, akarudi kwao na binti yake kwa kuwa muhogo ulikuwa shambani na hapa kwa jamaa chakula kilikuwa kimekwisha. Akauliza kama binti aliongea. Nikamwambia sikumsikia akiongea mpaka walipopanda boti.

Nilijua anachokuja kuuliza, na nilitamani gari langu liitwe kabla hajafika hapo.

"Na yule mvuvi wetu?"

"Yuko hai, Mzee."

"Una hakika?"

"Ndugu zake walikuja kliniki mwezi uliopita. Yuko hai."

Uso wake ulifunguka. Ningeweza kunyamaza pale. Lakini ni mtu ambaye maisha yake yote alitaka neno lifike kama lilivyosemwa, na alikuwa ananitazama.

"Amerudi kwenye kazi ileile," nikasema. "Masanduku. Wanasema hakuna kazi nyingine huko, na wenye mzigo walimfuata wenyewe, wakamwambia wanajua hakusema kitu."

Mkalimani hakushtuka. Alitazama wapagazi wa ghala wakipanga magunia, mmoja juu ya mwingine. Akauliza swali kama lile ambalo mchunguzi mzuri angeuliza.

"Mkono ule hauwezi kushika. Anabebaje?"

Nikamjibu nilivyoambiwa na ndugu zake.

"Wanamtwika kichwani."